Fundo Lililokuwa la Baba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliiba fundo la majani lililokuwa la baba yangu. Najua mtu wa mjini akisoma hivi atacheka, aseme fundo la majani linaibiwaje, kwani ni kuku? Acheke tu. Mimi nimekaa na wizi huo zaidi ya miaka thelathini, nimeolewa nao, nimezaa nao, na mpaka mwaka juzi hakuna binadamu niliyekuwa nimemwambia.

Siku hizi nashona sare za shule karibu na soko la Nakawa. Wateja wangu hupenda kuniambia kwamba Kampala ni mji wa vilima, na mimi huwauliza, vilima gani? Nakasero ni kilima? Ukisimama Nakasero unaona mahoteli, ofisi za serikali, walinzi wa balozi na boda boda wakitukanana njia panda. Mgongo wa kilima chenyewe huuoni, umefunikwa kama mgonjwa. Kilima ninachokijua mimi kiko juu ya Mlima Elgon, upande wa Sebei, mbele ya mahali ambapo msitu unakoma na mianzi inakoma, kwenye nyanda za majani na baridi ambako hata wenyeji hawaendi ovyo. Hakina mti hata mmoja. Nimekipanda mara moja tu maishani, na nakitamani mpaka leo.

Nilizaliwa hapa hapa Kampala, kwenye kambi ya polisi, ndani ya kibanda cha mabati cha duara ambacho sisi watu wa kambi tulikiita unipoti. Mchana kilitukaanga, usiku kikatugandisha. Kambini kulikuwa na Waacholi, Walugbara, Wateso, Wanubi na sisi, na lugha yetu sote ilikuwa Kiswahili, kile Kiswahili cha amri na matusi ambacho Waganda wa nje ya ua walikisikia wakaharakisha mwendo. Baba alikuwa Msabiny wa mlimani, Mkristo wa Krismasi na Pasaka. Mama alikuwa Mnubi wa Bombo, Mwislamu wa swala tano. Walipendana wenyewe, wakaoana wenyewe, ndugu wa pande zote mbili wakanuna. Nilipozaliwa mimi wakapunguza kununa, lakini hawakuacha.

Nilipokuwa na miaka saba baba alipelekwa kaskazini, kwenye vita. Ikaja barua ya kwanza, ikaja ya pili, kisha kimya. Hakuna aliyekuja kutuambia amekufa, wala aliyekuja kutuambia yu hai. Mwaka ukapita na miezi juu yake. Nyumba ya kambi ni ya mwenye kazi, kwa hiyo unipoti letu likapewa askari mwingine, na mama akabeba masufuria yake akarudi Bombo kwa kaka zake. Mimi sikufika Bombo. Mdogo wake baba, Baba Mdogo, alishuka kutoka Sebei amevaa koti zito katika joto la Kampala, akasema mtoto ni wa ukoo.

"Kaka akirudi atamkuta kwao," alimwambia mama. "Na siku hiyo nyote watatu mtarudi mjini. Mimi sina ugomvi na wewe, shemeji."

Wajomba zangu nao walisema mtoto hufuata baba, waliona wamepunguziwa mdomo wa kulisha. Mama hakuwa na mtu wa kumtetea. Alikunja nguo zangu, akazifukiza udi kama alivyofukiza zake, akazifunga kwenye kanga. Hakulia mbele ya Baba Mdogo. Alinishika masikio yote mawili, akaniangalia, akaniachia.

Tulisafiri kwa basi, tukapanda lori, kisha tukatembea siku nzima nyuma ya punda waliobeba chumvi na sukari, mpaka kwa Bibi, mama yake baba. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye ugoro puani na ulimi mkali. Kiswahili chake alikiokota minadani, kwa wanunuzi wa ng'ombe, kwa hiyo hata akikusalimia ungedhani mnapatana bei.

"Karibu, mke mwenzangu," alinitania siku ya kwanza. "Nasikia Kampala mnalala mpaka jua linawakuta. Hapa jua likikukuta linakupiga teke."

Nilimpenda. Naandika hilo mapema ili mtu asije akadhani vingine. Alinilaza ubavuni mwake, akanipa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya mkaa, akanifundisha kumfokea punda. Lakini mimi nilimtaka mama yangu. Kila jioni nilijifanya natafuta nguo ya kulalia, nikazamisha uso ndani ya kanga ile ninuse udi. Harufu ikapungua siku hadi siku. Siku iliyokwisha kabisa nililia mpaka nikakwama pumzi, na Bibi aliponiuliza nikamwambia ni moshi.

Yeye naye alikuwa na lake. Alasiri, kazi zikipungua, aliweka kigoda mlangoni akaelekea njia ya bondeni, ile ambayo baba angepandia. Akipita mtu aliyevaa kofia, shingo ya Bibi ilirefuka. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi niliujua kwa kuiangalia shingo ya Bibi.

Siku moja tukimenya viazi aliniambia habari za kilima.

"Kuna kilima huko juu. Kila mtu ana fundo moja pale, moja tu, maisha yake yote. Unayafunga majani yakiwa hai, huyang'oi. Unamtaja unayemsubiri. Basi. Kama yu hai, miguu yake itatafuta nyumbani hata kama kichwa hakitaki."

"Si ufunge wewe, Bibi."

"Langu lilikwisha. Nilimfunga huyo huyo baba yako alipokuwa kijana, alipotorokea Kampala, akapotea miaka miwili. Nilimfunga, akarudi na buti zinang'aa, utadhani amezitengeneza yeye."

"Na Baba Mdogo?"

Alicheka akanusa ugoro. "Ndugu hawafungani. Ndugu akimsubiri nduguye, jicho moja linasubiri shamba." Kisha akaacha kucheka. "Mwenye damu yake na mkono mzima umebaki wewe. Ukimfunga akarudi, utarudi na baba yako, utarudi na mama yako. Umesikia?"

Nilisikia. Nilifurahi mno. Bibi akanishika kidevu kwa vidole vyenye tope la viazi.

"Lakini usipande na mioyo miwili. Pale juu mtu hujaribu kumfunga huyu, mkono ukamfunga yule. Kilima hakirudishi kilichopewa. Maji yakimwagika hayazoleki."

Tuliondoka asubuhi yake, ng'ombe wakiwa bado wamelala. Tulipita msitu, tukapita mianzi iliyokuwa ikidondosha maji shingoni mwetu, na Bibi akitembea mbele bila kuhema, mtu wa umri ule! Mimi mtoto wa kambi nilihema kwa niaba ya wote wawili. Halafu mianzi ikakoma ghafla, na mbele yetu hakukuwa na kitu.

Sijui nielezeje. Nilikuwa sijawahi kuona mahali pasipo na mwisho wala mtu. Kambini kila ukigeuka kuna ukuta, kamba ya nguo, mama wa mtu akikufokea. Hapa palikuwa na majani tu, ya rangi ya manyoya ya simba mzee, yamesimama mashungi mashungi, upepo ukiyalaza na kuyainua. Huku na huku palisimama mimea minene, mirefu kuliko mtu, imekaa peke yake kama askari waliosahauliwa zamu. Maji yalisikika chini ya majani lakini hayakuonekana. Baridi iliingia puani ikachoma. Na katikati ya yote kile kilima, mviringo, kimya, hakina hata njia ya ng'ombe, kwa sababu hakuna aliyelisha ng'ombe wake pale.

Nilisimama, nikasahau mpaka njaa. Ajabu ni kwamba sikuogopa. Nilijihisi kama mtu aliyewasili.

"Vua ndala," Bibi alisema. "Hapa tunapanda kwa miguu ya kuzaliwa."

Umande ulikuwa umegeuka barafu nyembamba, ukikanyaga unavunjika. Nyayo zilinichoma, kisha zikafa ganzi, kisha nikahisi zina joto. Tulipanda bila kuongea, ndiyo sharti. Hakuna anayeita mtu pale, hakuna anayepiga mluzi. Kilima kilionekana kifupi kwa mbali, lakini kila nilipodhani tumefika, kilipanda tena mbele yetu. Ukungu ulikuja ukatupita, ukaenda zake. Mwewe mmoja alining'inia juu, hapigi bawa.

Karibu na kilele nikaanza kuyaona mafundo. Mwanzoni nilidhani ni majani yaliyojisokota. Kumbe kila shungi lina fundo, mengine mabichi, mengine yamekauka kahawia, mengine ya zamani sana, majani mapya yameota katikati yake. Mamia, kote. Kila fundo ni mtu aliyesubiriwa na mtu. Hapo ndipo nilipoogopa kidogo, nikanyanyua miguu juu juu nisimkanyage mtu.

Bibi alisimama penye jiwe akaniashiria niendelee. Anayesindikiza habebi neno la anayefunga, ndiyo desturi, husimama mbali asisikie. Nilipanda hatua kama hamsini peke yangu, nikapata shungi ambalo halijaguswa, nikapiga magoti.

Nilianza vizuri. Niligawa majani mafungu mawili. Makali yake yalinikata kidole, nikakinyonya, nikaendelea. Nikamfikiria baba. Zikaja buti zake mlangoni. Ukaja mkanda wake, ikaja filimbi aliyonikataza kuipuliza, ikaja sauti ya redio yake aliyoibana kwapani siku za Jumapili. Nikautafuta uso. Wallahi niliutafuta. Nilifumba macho nikaukamua ubongo wangu wote, na penye uso wa baba palikuwa na kofia tu, na chini ya kofia hakuna mtu.

Aliyekuja alikuwa mama. Sikumwita. Alikuja mzima mzima, na kovu lake dogo la nyusi, na pengo lake, na viganja vyake masikioni mwangu. Mikono ikapitisha fungu hili juu ya lile, ikavuta, ikakaza, na mdomo wangu ukasema, "Mama."

Mara moja tu, lakini lilitosha.

Nilifumbua macho nikaona fundo limekaa, zuri, limebana kuliko yote. Nikajua nilichofanya. Niliweka kucha nijaribu kulifungua, nikakumbuka kwamba kilima hakirudishi, nikaogopa, nikatoa mkono. Nilimwona Bibi kule chini kwenye jiwe, mdogo, shuka lake likipepea, akimsubiri mwanawe kwa mkono wangu mimi. Na mkono wangu nilikuwa nimeutumia.

Nilishuka. Bibi alikuja kunipokea.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Limeshika?"

"Limeshika, Bibi."

Alivua shuka lake, akanizungushia lote, yeye akabaki na gauni. "Twende, mke mwenzangu. Baridi hii haina adabu." Tukashuka. Nakumbuka aliongea sana siku ile tulipotoka kwenye kilima, kuhusu mbuzi aliyemlia padri kofia, kuhusu babu yangu na nyuki, alicheka mwenyewe na kunipiga piga mgongoni. Mimi nilitembea nimejiinamia. Nilikuwa nangoja mlima uniangukie.

Siku ya kumi na tatu mama akaja. Alitokea nyuma ya punda wa chumvi, ndala moja imekatika ameishika mkononi, tope mpaka magotini, mtandio umemwangukia shingoni, mwanamke wa Bombo ambaye hajapata kupanda hata ngazi ndefu. Nilikimbia. Sikumbuki ardhi, nakumbuka nimemgonga tumboni na kichwa, naye akasema "Ya Rabi, ya Rabi," akaketi chini hapo hapo njiani pamoja na mimi.

Baba Mdogo alichukia. Alisema mwanamke haji kumchukua mtoto wa watu namna hii, bila mume, bila wazee, bila taarifa. Nani kamwita?

Bibi alikuwa akichuja maziwa. Hakugeuka.

"Sisi hatukumwita. Mtoto alipanda kilimani akafunga, na siku si nyingi huyu akafika kwa miguu yake. Kilima kimemleta. Wewe unataka kubishana na kilima? Nenda basi, kabishane. Vaa hilo koti lako."

Baba Mdogo akaachia hapo. Kwetu mtu anaweza kubishana na mama yake, na mahakama akabishana nayo, lakini si na kilima. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mama, maana nilidhani Bibi haelewi. Nilidhani anaamini nilimfunga baba, na kwamba kilima kimekosea njia, kimeleta mke badala ya mume. Sikuwa na ujasiri wa kumrekebisha.

Kesho yake tuliondoka. Bibi alinitemea mate ya baraka kifuani na kwenye viganja vyote viwili, kama desturi, akaukunja mkono wangu wa kulia ngumi. "Mkono wako umefanya kazi yake," alisema. Niliyasikia maneno yale kama kofi. Nililia njia nzima, mama akadhani ninamlilia Bibi, na kweli pia nilimlilia.

Baba hakurudi. Miaka ikaenda. Vita vya kaskazini vikapoa, askari wakarudi, wengine na miguu yao na wengine bila, na kila aliyerudi nilijiuliza ni nani aliyemfunga. Mimi na mama tulipanga chumba Kampala, yeye akauza samosa na chai, mimi nikasoma nilipoweza, nikajifunza cherehani. Nilikuwa na mama yangu kila siku. Nilikuwa nikila naye, nikilala naye chumba kimoja, nikigombana naye juu ya sabuni, na furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake. Nilijua nilimnunua kwa kumtoa nani.

Nilikwenda kumtazama Bibi mara kadhaa. Watu wa juu walikwisha kuamriwa kushuka, nyanda zile zikawa hifadhi, Bibi akajengewa nyumba ya mabati huko chini kwenye mashamba ya viazi. Hakupapenda. Alisema hewa ya chini ni nzito kama uji. Asubuhi kukiwa kweupe tuliweza kuona ukingo wa mlima kwa mbali, yeye akauonyesha kwa kidevu. Hakuniuliza hata siku moja kuhusu fundo. Mara ngapi niliketi naye, neno liko hapa kooni, nikalimeza? Nilijiambia safari ijayo. Mtu akiwa na bibi mzee hudhani mauti yamemsahau.

Akafa mwaka juzi, usingizini. Tulimzika huko chini. Ndugu walipokuwa wakiimba mimi niliinua macho nitafute mlima, lakini mawingu yalikuwa yameufunika wote, na nilitaka sana kwenda. Si kwamba nilitaka kufunga kitu, mkono wangu hauna tena fundo. Nilitaka tu kuvua viatu, nitembee juu ya yale majani, upepo unipige, nisisikie mtu akiita jina langu. Huwa naiota ile baridi. Naamka Kampala, nje kuna honi na mahubiri ya kipaza sauti, na nyayo zangu zinawasha.

Tuliporudi kutoka mazikoni, mama alikaa kwangu siku chache. Ni mzee sasa, magoti yanamsumbua, lakini mdomo mzima. Siku hiyo nilikuwa nikipinda mikono ya mashati ya watoto, yeye amekaa mkekani akichambua mchele, akasema tu, bila kuinua macho:

"Mungu amrehemu. Yule mwanamke alinirudishia mtoto."

"Kilima ndicho kilichokuleta," nikasema. Nilisema kwa mzaha wa uchungu, kama mtu anayebonyeza jipu.

Mama akanitazama. "Kilima gani? Niliitwa na mke mwenzio mwenyewe."

"Mke mwenzangu nani tena?"

"Bibi yako, ewe! Si mlikuwa mnaitana wake wenza? Alimtuma dereva wa lori la viazi. Maskini yule mtu alinitafuta Bombo siku mbili, akauliza mpaka msikitini. Akaniambia mama mkwe amesema hivi, mtoto amekufunga wewe, njoo umchukue kabla wanaume hawajajua. Kaka zangu niliwaambia nakwenda msibani."

Cherehani ilisimama, sijui ni mguu wangu uliokataa au nini.

"Alijuaje?" nikauliza. "Mama, alijuaje? Alikuwa mbali, kwenye jiwe."

"Alikusikia. Alisema upepo ulikuwa unamjia yeye." Mama alicheka kidogo, akatoa jiwe kwenye mchele. "Wewe miaka yote hii hukujua? Mimi nilidhani mliyaongea wenyewe. Nani angedhani hukujua?"

Hapo nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, kofia isiyo na uso, kucha nilizoweka kwenye fundo nikazitoa, miaka thelathini na zaidi nikiamini kwamba baba yangu alikuwa mahali fulani kwenye nyasi za kaskazini, hai, miguu yake ikingoja kuitwa, na mimi sikumwita. Nilimwambia nilidhani nimemuua. Mama akaacha kucheka. Aliweka ungo chini, akaniita niketi karibu naye, akanishika masikio.

"Mwanangu. Mtu hafi kwa majani. Vita vilimchukua baba yako, na mimi mwenyewe nilimsubiri, usidhani sikumsubiri."

Namwamini. Nusu yangu inamwamini. Nusu nyingine ni ya Bibi, na Bibi aliamini kilima chake kama anavyoamini mtu kwamba kesho kutakucha. Na hilo ndilo linalonikosesha raha zaidi ya yote. Mimi nilidhani nimemdanganya mwanamke asiyejua. Kumbe alijua tangu pale kwenye jiwe. Kwa imani yake yeye, aliusikia mkono wa mwisho uliobaki kwa ajili ya mwanawe ukipewa mtu mwingine, mke ambaye hata hakumpenda sana, na hakunikemea. Badala ya kunikemea alitafuta lori.

Nilimuuliza mama kama Bibi aliwahi kumwambia lolote siku ile alipofika, wakiwa wawili. Mama alifikiri. Akasema ndiyo, usiku ule nikiwa nimelala mapajani mwake, alimwomba Bibi msamaha. Alimwambia, mama, najua ulikuwa unamngoja mwanao, umepata mimi. Na Bibi akajibu kwa Kiswahili chake cha mnadani, maneno machache, kama mtu anayefunga bei.

"Mwanangu ni mtu mzima, atajijua. Huyu ni mtoto, anamtaka mama yake."

Nina mwana mmoja wa kiume. Ni mwezi wa tatu sasa tangu aondoke Kampala kwenda nchi ya mbali kufanya kazi ya ulinzi, na simu zake zimeanza kuchelewa. Nimejaribu kuyasema maneno ya Bibi juu yake, kwamba ni mtu mzima, atajijua, nikiwa peke yangu, mlango nimeufunga. Hayatoki.